Karatasi ya Kumpokea Mume

9 Machi 2015

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na wale majirani wa ghorofa ya juu wamepunguza kuburuta viti. Sisi huku wazima, tena wazima kupita kiasi, mpaka naona haya kukuandikia. Leo natimiza wiki tatu za ndoa na bado nikiamka namgeukia nihakikishe yupo. Yupo, Shangazi. Anakoroma kidogo, lakini kwa adabu.

Chumba chetu ni kimoja, na ndani yake kuna kila kitu ninachokitaka duniani. Cherehani nimeiweka chini ya dirisha. Kitanda amekitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya chuma, amekichomelea kila kona mara mbili, anasema wezi wakija watatuiba sisi na kitanda watakiacha. Akirudi kazini ananuka chuma kilichoungua na macho yamekuwa mekundu. Namwekea kitambaa cha maji baridi, anafumba macho, ananisimulia siku yake. Mikono yake imejaa vidoadoa vya cheche, ndiyo maana karakana nzima wanamwita Cheche. Mimi navihesabu mpaka anasinzia. Usicheke.

Tuna habari njema. Kituo cha polisi kimemwita akatengeneze mlango wa mahabusu, bawaba zimekatika. Kazi ya siku tatu. Nimefurahi, maana wakubwa wakishamjua fundi, kazi haziishi.

Ameniuliza unafanya kazi gani huko ng'ambo ya mpaka. Nikamwambia Shangazi ni mpiga chapa wa mahakama ya kanda, ile ambayo mtu wa kawaida anaweza kuishtaki nchi yake ikimtendea unyama. Akafikiri sana, kisha akasema, "Serikali nzima inasimama kizimbani? Inatosha?" Nimecheka hadi nikajichoma sindano.

Ni mimi mwanao uliyenilea,
Bibi Harusi

30 Machi 2015

Mwanangu Bibi Harusi,

Marahaba. Mgongo haujambo, viti bado vinaburutwa. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa, maana ya kwanza ilinipa kizunguzungu. Penda mume wako, lakini chakula usiunguze.

Mwambie Cheche kwamba kizimba hatuna. Serikali inakuja na mawakili wanne na chupa za maji. Anayelalamika anakaa upande wa pili, mara nyingi amevaa koti la kuazima. Mimi nakaa chini ya majaji, nimevaa visikilizio, naandika kila kinachosemwa. Mtu akilia, naandika kwamba shahidi amelia. Nimeandika hivyo kwa miaka kumi na minane na sijawahi kukosea tahajia.

Huyo mkuu wa kituo mwambieni asante kwa kazi, basi. Msizoeane naye.

Shangazi

21 Mei 2015

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo wewe? Mimi sijui nijibu nini. Nakuandikia kwa kuwa sina mtu mwingine wa kumwambia haya.

Siku ya kwanza Cheche alipoingia kituoni na mashine yake, alikuta ndani mtu ametundikwa. Wamemfunga mikono pamoja na magoti, wamepitisha bomba katikati, na bomba limelazwa juu ya meza mbili. Kichwa chini. Wanampiga nyayo kwa mkanda wa gari. Askari mmoja akamwambia mume wangu, "Wewe chomelea, fundi. Usigeuke." Akachomelea. Siku ya pili yule mtu alikuwa bado yupo, hapigi tena kelele. Siku ya tatu walimtoa amefunikwa blanketi, wakapita mlango uleule ambao Cheche alikuwa ameushika ili usijifunge.

Aliyekufa ni mtoto wa mama muuza mkaa wa kona ya mtaa wetu. Yule mama aliambiwa mwanawe ameachiwa na amekimbilia kusikojulikana. Alikuwa anamwekea chakula kila siku. Mume wangu alivumilia wiki tatu, halafu akaenda akamwambia ukweli. Mama akaenda kulia mbele ya kituo, akitaja nani amemwambia.

Jumatatu mchana wakaja wanne karakanani. Nilikuwa nimempelekea chakula, niliwakuta wanamburuta kwa ukosi. Nikawafuata mpaka kituoni. Nikakaa kwenye ngazi na sufuria mapajani. Nilimsikia, Shangazi. Siku zote nilidhani mtu akipigwa anapiga kelele. Yeye alikuwa anahesabu. Aliniambia baadaye alikuwa anahesabu wiki zetu za ndoa, na kila akifika ya mwisho anaanza upya.

Alhamisi wakamtupa nje ya lango.

Nilimlaza kitandani nikataka kumshonea shati pana lisiloguswa na vidonda, la kufunguka mgongoni. Kwa hiyo nikachukua futi yangu nikampima kama ninavyompima mteja. Sijui kwa nini nakuandikia na vipimo, labda kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho mkono wangu ulikifanya bila kutetemeka. Mgongoni mistari tisa, mrefu kupita yote inchi kumi na moja, unaanzia bega la kushoto. Vifundo vya mikono vyote viwili, ngozi imeliwa kuzunguka, upana nusu inchi. Mguu wa kulia umevimba, umezidi wa kushoto kwa inchi mbili na robo. Kucha mbili za mguu huohuo hazipo. Nyayo sikuweza kuzipima.

Na bado ni mzuri, Shangazi. Mume wangu mtamu ni mzuri hata hivyo alivyo. Nilimwambia, akajaribu kucheka, mdomo ukapasuka.

Nifanye nini?

Mwanao

6 Juni 2015

Mwanangu,

Salamu nitakupa siku nyingine. Fanya hivi.

Nguo alizovaa siku hiyo usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Mpeleke hospitali, na kadi uitunze. Nenda kituoni ukashtaki, ndiyo, kituoni hapohapo. Watakufukuza. Omba wakufukuze kwa maandishi. Tafuta wakili, nenda mahakama ya kwanza, ukishindwa nenda ya juu yake, ukishindwa nenda ya mwisho. Huku kwetu hatupokei mtu ambaye hajagonga milango yote ya nyumbani kwake. Kila mlango ukikufungia, uwe na karatasi inayosema umefungwa. Usisaini chochote usichokubaliana nacho. Nimeandika hukumu nyingi ambazo mtu alikuwa na haki yake yote mkononi, akaipoteza kwa saini moja aliyoiweka ili arudi nyumbani haraka.

Jambo la mwisho. Kesi yako ikifika hapa, mimi na wewe hatutaandikiana. Kanuni inanitaka niseme kwamba wewe ni damu yangu na nitoke kwenye chumba. Usimwambie mtu nilipo.

Mpe mumeo pole. Mwambie nimeona vipimo.

Shangazi

18 Novemba 2016

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua ulisema tusiandikiane, lakini faili letu limefika kwenu juzi tu, wakili amepata risiti yake. Hii hesabu kwamba niliianza kabla. U mzima? Unakula?

Tumegonga milango yote. Kituoni walisema Cheche alianguka na pikipiki. Hana pikipiki. Hakimu wa kwanza alimwuliza, "Wewe ni fundi wa kuchomelea, kuungua si kazi yako?" watu wakacheka. Mahakama ya juu ilisema ushahidi hautoshi. Ya mwisho ilisema hivyohivyo kwa kurasa nyingi zaidi. Karatasi zao zote za kutukatalia ninazo.

Sasa nikuambie kosa langu, halafu unichukie ukitaka. Siku tuliyotoka mahakama ya mwisho, mkuu wa kituo alikuwa amesimama kwenye ngazi anajichokonoa meno. Akaniambia, "Basi, bibi harusi, mmemaliza?" Damu ikanichemka. Nikamwambia, "Hatujamaliza. Shangazi yangu yuko ndani ya mahakama ya kanda, yeye ndiye anayeandika hukumu, na jina lako ataliandika kwa herufi kubwa." Nilijisikia malkia. Cheche akanivuta mkono. Nilimwona amebadilika rangi.

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, walikwenda karakanani. Waliwaambia mafundi wengine wageukie ukutani. Wakauweka mkono wake wa kulia kwenye jiliwa, lile la kubania vyuma, na mkuu wa kituo mwenyewe akakaza. Mafundi wanasema alikuwa akikaza anauliza, "Na hii shangazi ataiandikaje?" Walipomaliza walikuja chumbani wakaipiga cherehani kwa rungu mpaka ikawa vipande, wakaichukua kadi ya hospitali na ule mfuko wa nguo, wakavichoma uani. Mimi walinishika nywele nitazame.

Huo ni mdomo wangu, Shangazi. Si mwingine.

Yeye hajanilaumu. Nilimwuliza akasema, "Ulipendeza ulipokuwa unasema." Mtu gani huyu niliyepewa. Nashona kwa mkono sasa, na yeye anajifunza kuchomelea kwa mkono wa kushoto. Mistari inakwenda kama nyoka mlevi, lakini inashika. Namlisha, ananung'unika kwamba natia chumvi nyingi. Hii ni wiki ya tisini na mbili na bado nikisikia hatua zake nasimama.

Mwanao

2 Mei 2017

Shangazi,

Shikamoo. Miezi mitano na zaidi hujaandika, na nimeheshimu. Leo siwezi.

Wamemchukua tena. Ni siku ya sita. Walikuja mchana, tulikuwa tunakula. Walimpiga kwa kitako cha bunduki nikasikia taya likivunjika, ni sauti ndogo tu, kama kukata uzi kwa meno. Wakamtia kwenye gari. Kituoni wanasema hawamjui.

Wakili ameiomba mahakama yenu amri ya dharura, serikali imtoe na aonwe na daktari kabla hajafa. Serikali imejibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kumgusa, kwamba ile ya kwanza ilikuwa ajali ya pikipiki na mimi nilitunga mateso baadaye ili nipate huruma. Wanasema kama ningeona vidonda, ningeandika mahali. Wakili akaniuliza, "Hakuna kitu chochote kilichoandikwa siku zile? Hata kipande?"

Kipo. Unacho wewe. Kina tarehe, kina muhuri wa posta.

Sikumwambia. Najua ukikitoa utaulizwa umekipata wapi. Sikuombi, Shangazi. Nakueleza tu kwamba ni siku ya sita.

Mwanao

15 Mei 2017

Mwanangu,

Mgongo haujambo. Viti bado vinaburutwa. Nakuandikia kupitia wakili wako, sasa naruhusiwa, maana mimi si mtumishi tena wa mahali popote.

Nitakuambia kosa langu kama ulivyoniambia lako. Faili lenu lilipoingia Novemba nilipaswa kwenda kwa msajili, yule mkubwa wa ofisi yetu, niseme hawa ni wangu. Sikwenda. Nilijiambia nikitoka chumbani sitajua kinachoendelea. Ukweli mwingine ni kwamba nilibakiza miaka miwili nistaafu na niliogopa. Mawakili wa serikali walipoandika kwamba una ndugu humu ndani, msajili alitukusanya akatuuliza. Nikatazama viatu vyangu. Na yale majibu ya serikali, kwamba mumeo alianguka na pikipiki, nani aliyapiga chapa kwenye nakala ya kikao? Ni mimi. Kwa vidole hivi. Sikukosea tahajia.

Barua yako ilifika Jumanne iliyopita. Kesho yake saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa msajili na barua zako zote, na nakala ya ile niliyokuandikia. Akasoma amesimama. Akaniuliza kitu kimoja, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akanyoosha mkono, nikampa kitambulisho changu.

Alhamisi majaji walikaa. Niliruhusiwa kuketi nyuma, upande wa watu. Kijana aliyechukua kiti changu anapiga chapa polepole. Wakaisoma ile barua yako ya vipimo yote kwa sauti, mwanangu, na mkalimani akaitafsiri neno kwa neno bila kupepesa macho, "mume wangu mtamu" na yote. Wakili wa serikali akainuka. Akasema mwandishi ni bibi harusi aliyejaa mahaba, hisia nyingi, hawezi kutegemewa. Jaji mmoja, mama wa makamo asiyependa maneno, akamwuliza, "Hisia ni zake. Inchi kumi na moja nayo ni hisia?" Wakili akanywa maji.

Amri imetoka. Wamtoe ndani ya siku saba, aonwe na daktari, wasimguse yeye wala wewe. Cheo cha mkuu wa kituo kimetajwa. Lakini usije ukadhani mahakama hii ina gari la askari. Haina. Ina karatasi, na nchi zinazoona aibu mbele ya nchi nyingine. Kwa hiyo nenda ukasimame pale langoni kila siku waone kwamba kuna mtu anayehesabu.

Nafunga mizigo. Nipe mwezi mmoja.

Shangazi

3 Juni 2017

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini unafunga mizigo taratibu na hubebi vizito. Mimi ni mzima, vidole viwili tu vimevunjika. Nitakueleza vyote kwa mpangilio, yule kijana aliyechukua kiti chako asipate taabu.

Nilisimama langoni siku saba, hakikutoka kitu. Mkuu wa kituo alimwuliza wakili wetu, "Hiyo mahakama yenu ina askari wangapi?" Wakili akamjibu, "Haina hata mmoja, mkuu. Lakini ripoti ya jina lako inasomwa Ijumaa." Siku ya kumi, saa nne asubuhi, walimleta.

Walimbeba kwenye blanketi, pembe nne, askari wanne. Wakamweka chini juani. Nilimjua kwa miguu. Uso ulikuwa umevimba jicho moja limezama, taya limeegemea upande. Mkono wa kulia, ule uleule, walikuwa wameufunga waya juu ya kiwiko na chini ya waya ulikuwa mweusi. Aliniona. Lile jicho lililobaki liliniona.

Nikakimbia, wakanizuia. Mkuu wa kituo akatoa karatasi. Imeandikwa: Nimempokea mume wangu akiwa mzima wa afya na sina malalamiko. Akanipa kalamu. "Saini umchukue."

Wakili akaninong'oneza, "Ukiisaini hiyo, kesi imekufa. Usipoisaini, sijui watamfanya nini. Siwezi kukuamulia."

Shangazi, gari la hospitali lilikuwa pale, injini inanguruma. Nilikuwa nahitaji kuandika jina langu tu. Nikasema, "Andika alivyo, nitasaini." Mkuu wa kituo akanipiga kofi nikaanguka. Nikakaa hapohapo nilipoangukia. Akasema, "Basi anarudi ndani." Askari wakashika pembe za blanketi, wakamwinua, wakamweka tena, wakamwinua tena. Kila wakimwinua alitoa mlio. Nikawa nasema maneno yaleyale, andika alivyo, andika alivyo. Akanikanyaga mkono ulioshika kalamu. Nikahamishia kalamu mkono wa pili. Sikuwa jasiri, usije ukamwambia mtu hivyo. Nilikuwa nimejikojolea.

Saa nne ikawa saa tano, ikawa saa sita. Saa sita na robo simu ya mkuu wa kituo ikalia. Alijibu "ndiyo, mkubwa" mara nyingi. Akakata maneno "mzima wa afya" kwa mstari mmoja, juu yake akaandika "akiwa na majeraha ya kichwa na mkono," akagonga muhuri, akatupa karatasi kifuani kwa mume wangu. Nikasaini nikiwa nimepiga magoti, karatasi iko juu yake.

Hospitali wamemkata mkono juu ya kiwiko. Daktari alisema ungeweza kuokolewa kama angefika mapema kidogo. Sikumwuliza mapema kiasi gani. Sitaki mtu aniambie ni zile saa mbili za langoni.

Karatasi ameshaichukua wakili, na amesema tangu aanze kazi hajawahi kushika ushahidi kama huo, muhuri wao wenyewe, mwandiko wao wenyewe. Alikuwa anafurahi mpaka akaona uso wangu, akaitia mkobani. Kesi yenyewe itasikilizwa Oktoba. Mama muuza mkaa atakuja pia, atamsemea mwanawe.

Cheche anaishi. Taya limefungwa kwa waya, hasemi, anakunywa uji kwa mrija. Namwosha, nampaka mafuta, namwimbia vibaya. Jana asubuhi aliomba daftari kwa ishara. Aliandika kwa mkono wa kushoto, muda mrefu, jasho linamtoka. Nilidhani ananiandikia barua nzima. Yalikuwa maneno mawili: Mimi ningesaini.

Nimeyatazama tangu jana, Shangazi. Nimelilalia lile daftari. Sijui ananisifu au ananihukumu, na nikimtazama usoni siwezi kusoma, umevimba mno. Madaktari wanasema waya utatolewa baada ya wiki sita. Nimekaa pembeni ya kitanda chake. Ninampenda kama siku ile ya kwanza, na ninaogopa siku atakayofungua mdomo.

Mwanao